Namna ya kuandika historia ya nyumba ya kambo (babu) yenye iligeuka kuwa ya bapangaji, hapa Lubumbashi

Kama kwenu mu komini ya Kenya, Katuba ao Kamalondo iko lupango (kiwanja na nyumba) ya kambo yenye leo imejaa bapangaji, andika historia yake sasa, bazee bangali bazima. Usianze na makaratasi. Ita familia kwanza, ambia batata na bayaya waziwazi kama hauko unatafuta kuuzisha, juu hapa kwetu mutu akiuliza tu «sertifika ya lupango iko wapi?» kila mumoja anawaza urisi, na valizi ya makaratasi inafungwa na kufuli.

Valizi ikifunguka, angalia kichwa cha kila karatasi, tarehe mara mingi imefutika. Yenye kusema Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, ni ya mbele jina libadilike mu 1966. République du Zaïre, hiyo ni kati ya 1971 na 1997. Risiti ya pango nayo inajisema kwa pesa yake: zaire iliingia 1967, nouveau zaire 1993, franga ya sasa 1998. Lakini linganisha, mutu anaweza kutumikisha buku ya risiti ya zamani mpaka iishe. Na majina! Mu 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristo, kwa hiyo Joseph wa karatasi ya 1965 anaweza kuwa njo ule ule kambo mwenye jina lingine mu 1974, usiwaze lupango ilikuwa na benyewe babili.

Kisha tembea mu nyumba yenyewe, polepole, na kalamu. Gusa miimo ya milango: ukikuta mu simenti vipande vya chuma vyenye vilikatwa, pengine pale palikuwa dirisha yenye fito za chuma, balipageuza mulango juu chumba kipate kuingilia kwake. Matofali ya kuchoma inaishia wapi, bloke ya simenti inaanzia wapi? Chora yote.

Sasa uliza sababu ya kuingiza bapangaji. Kwa familia mingi ya Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, ni mushahara njo ulikatika: mugodi wa Kamoto uliporomoka mu 1990, kazi ikaanguka, na mu 2003 bafanyakazi zaidi ya 10.000 bakaachishwa kwa ile «départs volontaires» (kuacha kazi kwa hiari). Salo ikagawanywa, kambo akalala nyuma. Miaka 1992 na 1993 uliza kwa upole kabisa, bantu ya Kasai balifukuzwa hapa Katanga, na iko nyumba zenye zilibadilisha bantu mu wiki moja.

Kwangu mimi fasi yenye utamu zaidi ni bapangaji ba zamani, na ni bao bantu banasahau kutafuta. Mwenye nyumba anajua bei ya pango, mupangaji anajua maisha: nani alipika na nani, nani alisamehewa miezi, nani alizalia mu chumba gani. Usimuulize «uliingia mwaka gani?», hatakumbuka, uliza «ulikuwa unabeba mutoto gani mugongoni?», kisha hesabu na miaka ya ule mutoto. Rekodi na telefoni, uombe ruhusa mbele ya kuandika jina lake, kopi moja mupatie na yeye.