Somo: Kusoma hesabu za Jiji bila kuwa mhasibu

Mzee mmoja wa mtaani kwetu Kijenge, Arusha, aliuliza kikaoni: kama Jiji limepata hati safi ya ukaguzi, mtaro wetu umeziba kwa nini? Mtendaji akatabasamu, akapita kwenye ajenda inayofuata. Mimi niliwahi kushika vitabu vya halmashauri moja (siitaji), nikaona nimjibu mzee wetu hapa kwenye kikundi chetu, hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Jua kitabu ni cha nani. Mtu anaishi Ngaramtoni, lawama anapeleka Jijini. Ngaramtoni ni Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Usa River ni Meru. Jiji, lililopanda kutoka manispaa mwaka 2012, lina mweka hazina wake na vitabu vyake. Tazama na mwaka wa fedha: unaanza Julai 1, unakwisha Juni 30.

Hatua ya 2: Kalamu mbili. Nyekundu pigia mstari mapato ya ndani: ushuru wa huduma, leseni za biashara, kodi ya vibanda, ada za masoko na stendi. Bluu pigia ruzuku ya Serikali Kuu: mishahara ya walimu na wauguzi, fedha za miradi, za wahisani. Katika halmashauri nyingi bluu ndiyo inayojaza ukurasa, nayo imekuja na maelekezo yake. Madiwani hawawezi kuchukua mshahara wa mwalimu wakachimbia mtaro. Ukitaka kumbana diwani wako, mbane kwenye nyekundu. Hata humo kuna mapato lindwa, yaani yenye matumizi yaliyokwishapangwa, kwa mfano malipo ya matibabu yanayorudi kituoni yalikokusanywa. Toa hayo, toa na asilimia kumi ya mikopo ya vikundi, kinachobaki ndicho Baraza linachoweza kukipangia. Ni kidogo kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 3: Bajeti na halisi. Jedwali hili lina safu tatu: bajeti ya awali, bajeti ya mwisho na halisi. Usiiruke ya katikati. Halmashauri iliyopanga kukusanya kumi, ikashusha hadi saba katikati ya mwaka, ikapata saba, itajisifu imefikia asilimia 100.

Hatua ya 4: Wadaiwa. Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo twende polepole. Hesabu hizi hufuata viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, ambavyo huandika pato siku haki ya kudai inapozaliwa, hata kama noti haijaingia.

Chukua soko la kutunga: vibanda 200, kila kimoja shilingi 30,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 72. Wapangaji wakilipa milioni 50, kitabu bado kitaandika pato la milioni 72, na zile 22 zitakaa kwenye mizania (ukurasa wa mali na madeni), mstari wa wadaiwa. Basi mtu akikwambia kuna ziada, muulize: iko benki au iko kwa wapangaji? Jibu liko kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha.

Kisha fungua maelezo ya nyuma, yale ambayo hakuna anayeyasoma, utafute umri wa madeni. Kule nilikofanya kazi orodha yetu ya wadaiwa ilikuwa na wapangaji wa soko lililokwishavunjwa. Kila Juni tuliwanakili upya, majina yaleyale.

Wadai nao watazame: wazabuni na watumishi wasiolipwa.

Hatua ya 5: Hati. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hutoa hati inayoridhisha (ndiyo hiyo "safi"), yenye shaka, isiyoridhisha, au hushindwa kutoa maoni. Hati safi inasema vitabu vimeandikwa inavyotakiwa. Mzee wangu, mtaro ambao haukuwekwa kwenye bajeti hauwezi kuchafua hati. Wako uko hatua ya 2 na ya 3. Kwenye ripoti ya ukaguzi mimi huanza na hoja, yaani kasoro alizoziuliza mkaguzi, za miaka ya nyuma ambazo hazijafungwa.

Maswali ya wanakikundi

*Muuza mitumba, Kilombero:* Mwalimu, shikamoo. Tunaambiwa asilimia kumi ni ya mikopo ya vikundi. Kumi ya nini?

Marahaba, mwanangu. Ya nyekundu, baada ya kutoa mapato lindwa. Wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Ukisoma kitabu cha 2023/2024, kumbuka utoaji ulisimamishwa Aprili 2023, ukarejeshwa mwaka uliofuata. Na mikopo ambayo vikundi havijarejesha utaikuta kwa wadaiwa, palepale.

*Mangi, Majengo, Moshi:* Kila mwezi nakatwa kodi ya jengo kwenye LUKU. Manispaa wanaiandika wapi?

Mangi, usiitafute kwenye nyekundu yao. Ukusanyaji ulihamishiwa TRA mwaka 2016, na tangu Agosti 2021 kodi hiyo inakatwa kupitia umeme. Halmashauri ikipata mgawo wowote, unatoka Serikali Kuu. Tumia kalamu ya bluu.

*Dereva bajaji, Unga Limited:* Na wakininyima hizo hesabu?

Anza na ubao wa matangazo na tovuti ya halmashauri. Halafu kuna njia ya pembeni: hesabu humfikia Mkaguzi Mkuu kabla ya Septemba kwisha, ripoti yake hufika kwa Rais mwishoni mwa Machi na huwekwa mezani Bungeni Aprili. Hiyo iko wazi kwa kila mtu. Vyote vikishindikana, andika barua kwa Mkurugenzi ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Wana siku 30 za kukujibu. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, bila huo watakwambia barua imefika jana.