Somo: Kufunga jozi ya honi za konokono kwenye gari dogo kwa kutumia rilei

Honi ya kiwandani ya magari mengi madogo ya Kijapani inatosha kwa mitaa ya Area C au Kisasa hapa Dodoma, lakini ukishaingia barabara ya Singida nyuma ya lori lenye trela, dereva wa mbele haisikii kabisa. Ndiyo maana wengi hununua jozi ya honi za konokono, moja ya sauti nzito na nyingine ya sauti nyembamba. Tatizo ni kwamba huzichomeka moja kwa moja kwenye waya wa honi ya zamani. Honi moja ya aina hiyo hula takriban ampea 5, kwa hiyo mbili hula 10, na kwenye magari mengi fyuzi ya honi nayo ni ya ampea 10. Fyuzi ikiungua, mwenye gari huweka ya 20, na tangu hapo kinachoungua si fyuzi tena bali ni waya wenyewe.

Dawa yake ni rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Koili ya rilei, yaani sumaku ya umeme inayoiwasha, huhitaji chini ya nusu ampea, hivyo swichi ya usukani hubaki na kazi ya kuamuru tu, na mzigo hubebwa na waya mpya unaotoka kwenye betri.

Andaa rilei ya volti 12 yenye uwezo wa ampea 30 pamoja na soketi yake, kishikio cha fyuzi na fyuzi ya ampea 15, waya wa milimita za mraba 2.5 kwa njia ya moto, waya mwembamba kwa upande wa koili, teminali, tepu, msasa na spana namba 10.

Hatua ya kwanza ni kufungua teminali hasi ya betri, na hiyo ndiyo itakayorudishwa mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi ya gari italipuka cheche mkononi mwako.

Hatua ya pili ni kuzifunga honi nyuma ya shoo (wavu wa mbele ya gari), mahali ambapo hazizuii hewa ya rejeta. Midomo yake ielekee mbele na chini. Kwa huku kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu vumbi la miezi ya kiangazi hujaa ndani ya konokono, na mvua za kwanza za Desemba zikilikuta humo huligeuza tope linalokaukia kwenye kiwambo cha sauti. Hakikisha pia kwamba honi imeshikwa na mkono wake wa chuma tu, maana mwili wake ukigusa bampa sauti hukwaruza.

Hatua ya tatu ni nyaya. Funga rilei karibu na betri, miguu yake (teminali zake) ikitazama chini ili maji yasituame, kisha fuata namba zilizoandikwa kwenye miguu hiyo. Waya wa moto utoke chanya ya betri, upite kwenye fyuzi iliyo karibu sana na betri, uende mguu wa 30; fyuzi ikiwekwa mbali, kipande chote kilicho kabla yake hakina ulinzi hata kidogo. Mguu wa 87 upeleke moto kwenye honi zote mbili kwa sambamba, na teminali za pili za honi ziende kwenye bodi, mahali palipokwanguliwa rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae. Waya wa honi ya zamani uingie 86, na 85 iende bodi; hii miwili ndiyo miguu ya koili. Kama plagi ya zamani ina nyaya mbili, peleka mmoja 86 na mwingine 85, na kwa rilei ya kawaida isiyo na dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) haijalishi upi uende wapi.

Rudisha betri, bonyeza honi, usikilize rilei. Ikigonga "tik" na honi zikae kimya, tafuta kosa upande wa 30, 87 au bodi ya honi. Isipogonga, kosa liko kwenye koili au njia ya swichi.

Maswali ya wanachama

Manyoni: Shikamoo fundi. Nimerudisha betri na honi zikaanza kulia zenyewe bila kubonyeza. Rilei yangu ina miguu mitano.

Jibu: Marahaba. Umetumia mguu wa katikati, 87a, ambao huwa na moto rilei ikiwa imepumzika. Hamishia waya kwenye 87, na huo wa katikati uache wazi.

Kondoa: Zililia vizuri, sasa sauti imefifia. Ninunue nyingine?

Jibu: Usinunue kabla ya kupima, ndugu yangu. Weka mita ya volti kati ya teminali hasi ya honi na hasi ya betri huku mwenzako akibonyeza. Ikizidi nusu volti, bodi yako ina kutu au rangi. Honi zenyewe mara nyingi ni nzima.

Kibaigwa: Je, utaratibu huu unafaa kwenye Fuso?

Jibu: Unafaa, ila honi na rilei viwe vya volti 24. Usichukue volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya mbili, kwani hazitachajiwa sawa na moja itakufa mapema.

Chamwino: Kitufe cha honi kwenye usukani kimelegea. Naweza kukifungua mwenyewe?

Jibu: Kama usukani una mfuko wa hewa, usiuguse, mpelekee fundi anayeujua. Unaweza kuweka kitufe kingine kwenye dashibodi, kikipeleka moto mdogo wenye fyuzi yake kwenye mguu wa 86.

Bahi: Ng'ombe barabarani hawasikii honi hizi. Nifunge king'ora?

Jibu: Hapana. Ving'ora ni vya polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa. Ng'ombe wa Bahi hawaogopi honi yoyote, kwa hiyo punguza mwendo na umsubiri mchungaji awavushe.