Mbaazi za nazi kwa mtu anayeogopa gesi

Napika mbaazi na mahamri ya kuuza asubuhi hapa Langoni, Lamu, na wateja hawaishi kuniambia: "Mama, mbaazi zako tamu, lakini tumbo linanijaa." Wengine wameziacha kabisa. Naona wanajinyima, kwa hiyo naeleza nipikavyo na kwa nini.

Mbaazi zina sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi, ambazo mwili wetu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Hupita utumbo mwembamba zikiwa nzima, zikifika utumbo mpana bakteria wanazichachua. Gesi ndiyo hiyo. Lakini bakteria hao hao, wakila nyuzinyuzi za mbaazi, hutoa asidi kama asetati, propionati na butireti, na butireti ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Ukiwanyima wao, umejinyima mwenyewe.

Chukua mbaazi za msimu huu. Kuukuu hazilainiki upesi. Ziroweke usiku kucha kwa maji mengi, asubuhi maji hayo uyamwage, maana sehemu ya sukari zile inatoka nayo. Chemsha kwa maji mapya mpaka ukiibonyeza mbaazi baina ya vidole ipondeke yote, bila kiini kigumu. Ikune nazi, kamua tui kwa kifumbu. Tia tui jepesi kwanza, pamoja na kitunguu, pilipili mbichi, manjano na chumvi. Likipungua, mimina tui zito, punguza moto na ukoroge taratibu lisikatike.

Asiyezoea aanze na vijiko vitatu vinne tu, siku kadhaa kwa wiki, kisha aongeze kidogo kidogo. Tumbo huzoea.

Juu ya mbaazi nyunyiza ufuta uliokaangwa bila mafuta na kutwangwa. Utwange kweli, kwa sababu punje nzima mara nyingi hutoka kama ilivyoingia. Ufuta una lignani, yaani viambata fulani vya mimea, na bakteria wa tumboni huzigeuza kuwa enterolaktoni, yenye umbo linalokaribia homoni ya kike ya estrojeni ila nguvu yake ni ndogo mno. Bila bakteria, kazi hiyo haifanyiki. Dawa za antibiotiki huwapunguza, ndiyo maana naumia nikiona jirani ananunua vidonge hivyo kwa ajili ya mafua. Mafua ni virusi, antibiotiki haiyagusi. Daktari akikuandikia, meza kama alivyosema; asipokuandikia, jamani, tuziache.

Komamanga nalo ni zuri, ingawa si kila tumbo lina bakteria wa kugeuza viambata vyake kuwa urolithini, ambayo mwili huifyonza kwa urahisi zaidi. Watu wawili wanaweza kunywa juisi moja wakapata vitu tofauti. Ubuyu, nunua unga wenyewe, ukoroge na maji na usichuje sana. Ule wa rangi nyekundu umejaa sukari.

Mwenye ugonjwa wa matumbo, au aliyepasuliwa tumbo karibuni, amuulize daktari kwanza kabla ya kuongeza nyuzinyuzi.

Mbaazi zikibaki, ziweke kwenye friji mapema. Wanga ukipoa, sehemu yake huwa ngumu kusagika na hufika mpaka kwa bakteria, hata ukipasha moto tena. Ila usiziache mezani mpaka usiku: kwa joto la huku, tui huchacha upesi.