Namna ya kufundisha kisa cha Nabothi bila kumtupia Yezebeli lawama zote

Somo langu la Biblia la Jumatano hapa Tukuyu ni la akina mama wa chai na migomba, pamoja na wazee wachache ambao nadhani hufuata uji. Tukifika kwa manabii waliowakabili watawala wamwaga damu, sianzi na Amosi. Naanza na 1 Wafalme 21, ambapo mfalme Ahabu wa Israeli analitaka shamba la mizabibu la Nabothi, na mkewe Yezebeli anapanga Nabothi auawe. Ni kesi ya shamba, na huku Rungwe likitajwa shamba hata aliyekuwa anasinzia anafumbua macho.

Someni sura yote kwa sauti, mkipokezana. Usieleze kitu. Nabothi akikataa kuuza urithi wa baba zake, hakosi mama wa kusema, "Na alifanya vizuri!" Mwache aseme.

Kisha shika chaki, uliza: nani alifanya nini? Wengi watamtaja Yezebeli na kutaka kufunga Biblia. Warudishe mstari wa 8 hadi wa 13. Barua aliandika Yezebeli, ndiyo, ila kwa jina la Ahabu na kwa muhuri wa Ahabu. Wazee wa mji walizisoma, wakatangaza mfungo. Wakaja mashahidi wawili wa uongo. Wakaja wenye mawe. Hapa msikimbie. Torati ilidai mashahidi wawili au watatu kabla mtu hajauawa (Kumbukumbu la Torati 17:6), na hao wawili walipatikana. Mfungo upo, kikao kipo, muhuri upo. Nabothi aliuawa kwa kufuata utaratibu.

Ndipo msome mstari wa 19. Nabii Eliya anatumwa kwa Ahabu, ambaye hakuandika barua wala hakuokota jiwe, na anamkuta shambani kwa marehemu akilichukua. Anaambiwa ameua. Waulize kwa nini yeye. Subiri, hata wakikaa kimya. Jibu huanzia kwa yule anayeuliza shamba limebaki kwa nani.

Damu zikichemka, yupo atakayesema dawa ni upanga tu. Usibishane naye. Mpe 2 Wafalme 10 asome jinsi Yehu, jemadari aliyefanywa mfalme, alivyoimaliza nyumba ya Ahabu, halafu Hosea 1:4, Mungu anapoidai damu iliyomwagwa mjini Yezreeli kwa nyumba ya Yehu huyo huyo. Amosi 1 na Mika 3 wakasome nyumbani.

Likitajwa jina la mkubwa fulani wa kijijini, usilizime, wala usigeuze somo kuwa mahakama. Uliza nani aliona, na kama yuko tayari kusema hivyo mbele ya baraza la ardhi la kata. Akiwa tayari, wapatikane watu wawili wa kumsindikiza. La sivyo, malizieni mstari wa 27 hadi wa 29: Ahabu anavaa magunia, na mabaya yanasogezwa mpaka siku za mwanawe. Jiandae, maana hapo akina mama hukasirika kuliko walivyomkasirikia Yezebeli, nami huwa siwatulizi.