Somo: Kutengeneza na kuimarisha miguu ya mbele ya bagi iliyojengwa juu ya Beetle

Bagi yangu niliiunda mwenyewe uani: fremu ya Volkswagen Beetle iliyofupishwa, bodi ya faiba, injini nyuma. Siku moja kwenye murram nyuma ya Msambweni, ile pembe ya chuma inayoshika shokamzoba ya kushoto ikapasuka. Fundi akaichomelea hapo hapo bila kufungua kitu, akabandika na kiraka kinene kama kidole. Haikupita miezi miwili, ikapasuka tena, safari hii pembeni kidogo ya kiraka. Kumbe raba za shokamzoba zilikuwa zimekwisha, na ile raba nene inayozuia mkono wa gurudumu usigonge juu haikuwepo kabisa. Kila shimo, chuma kilikuwa kinapiga chuma. Kiraka kiliuhamisha ufa tu.

Ndiyo maana humu nimeanza na ulegevu, na kuchomelea nimekuweka nyuma. Ukitaka kuruka, ruka, lakini usiseme hukuambiwa.

Jua kwanza una bimu gani

Beetle ya kawaida mbele ina mabomba mawili yaliyolala juu na chini, na hiyo ndiyo bimu. Ndani ya kila bomba kuna fungu la pleti za springi, na kila mwisho umetoka mkono unaobeba gurudumu. Magari ya hadi 1965 yana kingipini na linki pini, yaani gurudumu limeshikwa kwenye mikono kwa pini za chuma. Kuanzia modeli ya 1966 yana boljointi, yaani viungo vya mpira wa chuma badala ya pini. Ukikuta gari limepakwa rangi mara kumi na hujui mwaka wake, pima kutoka katikati ya bomba la juu hadi katikati ya la chini: ya linki pini ni kama sentimita 12, ya boljointi kama 15. Zile Beetle za modeli 1302, zilizoanza kutoka Agosti 1970, na 1303, zilizofuata 1972, hazina bimu hii. Shokamzoba zake zinashika juu kwenye bodi, kwa hiyo hazifai kwa bagi ya faiba. Ukiuziwa fremu ya hizo, rudisha.

Na mtu asikudanganye kwamba bimu hii ni dhaifu. Volkswagen ilishinda Safari Rally mwaka 1953, 1954, 1957 na 1962, na barabara za wakati ule hazikuwa za lami.

Hatua ya 1: Tafuta ulegevu

Inua mbele kwa jeki, weka stendi, usiamini jeki peke yake. Shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki ulitikise tena. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni pini au boljointi. Kisha shika kushoto na kulia: huko utasikia ulegevu wa tai rodi (vyuma vinavyovuta magurudumu kukata kona) na boksi ya usukani.

Halafu mulika pembe zote mbili pale zinapoungana na mabomba. Ufa mchanga hauonekani kama ufa. Unaonekana kama mstari mwembamba wa kutu unaochungulia chini ya rangi. Mimi hutumia mafuta ya taa na chaki. Safisha mahali hapo mpaka chuma kitoke, paka mafuta ya taa, subiri kidogo, futa pakauke kabisa, kisha sugua chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Mara ya kwanza nilipofanya hivi niliona mstari wa urefu wa kidole mahali nilipokuwa nimepapitisha mkono mara tatu bila kuhisi kitu.

Hatua ya 2: Kichwa cha fremu

Bimu imefungwa kwenye kichwa cha fremu, yaani ncha yake ya mbele, kwa bolti nne. Chukua bisibisi, choma choma bati la chini la kichwa cha fremu. Sisi wa pwani tunaendesha mchangani, chumvi inaingia humo na haitoki. Bisibisi ikizama, acha habari za bimu, kwanza kata bati bovu uweke jipya. Bimu imara kwenye fremu iliyooza ni kama mlango wa mninga kwenye ukuta wa udongo.

Hatua ya 3: Kufungua

Toa tangi la mafuta. Kwenye Beetle, na kwenye bagi nyingi, tangi limekaa karibu juu ya bimu. Litoe litoke nje ya uzio, si kulifunika na gunia. Toa na waya wa betri. Sirudii.

Nati ya habu ya kushoto ina uzi wa kinyume. Wangapi wameharibu ekseli wakikaza huku wanadhani wanafungua! Upande huo huo, kebo ya spidi inapita katikati ya ekseli. Itoe kwanza kwenye kifuniko cha grisi.

Kila mkono umeshikwa na skrubu isiyo na kichwa, iliyofungwa kwa nati ya kuizuia. Legeza nati, toa skrubu, vuta mkono. Katikati ya kila bomba kuna skrubu nyingine kama hiyo inayoshika pleti. Kabla ya kuvuta fungu la pleti, lifunge kwa waya mwembamba, na uandike zilivyopangwa. Zikimwagika sakafuni utapoteza mchana mzima.

Hatua ya 4: Kurudisha ubana

Kwenye miisho ya bomba kuna beringi za sindano. Pitisha ukucha kwenye mkono pale sindano zilipokuwa zinatembea. Ukucha ukikwama kwenye mifereji, huo mkono umekwisha. Beringi mpya juu yake itakufa mapema. Tafuta mkono mwingine.

Wenye linki pini: kila pini ina washa nyembamba nane, zimegawanywa ndani na nje. Mgawanyo wake ndio unaoweka mwinamo wa gurudumu, kwa hiyo usizipachike tu zinavyokuja. Ukirudisha, kaza pini mpaka mwisho, irudishe nyuma kama moja ya nane ya mzunguko, kisha kaza bolti ya kubana. Piga grisi gurudumu likiwa hewani, mpaka grisi chafu itoke na safi ianze kuonekana. Nyumbani kwangu hii ni kazi ya mara kwa mara, hasa baada ya kuingia maji ya bahari.

Hatua ya 5: Kuimarisha

Bimu iwe tupu: pleti nje, beringi nje, grisi yote imefutwa. Grisi itawaka, na joto litaua springi.

Toboa tundu la milimita 3 kwenye kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea. Fungua ufa kwa grainda uwe kama herufi V, jaza kwa kuchomelea, sawazisha. Ndipo uweke pembetatu ya bati la milimita 3 kati ya pembe na bomba, moja mbele, moja nyuma. Usitumie bati nene zaidi. Chuma kinene kwenye chuma chembamba kinafanya chembamba kipasuke pembeni yake, na hilo nimelilipia.

Chomelea vipande vifupi vifupi, upande huu, kisha ule, ukisubiri pakubali kushikwa kwa mkono. Usikaribie miisho ya bomba. Pakipata joto, kikalio cha beringi kinakuwa yai. Mwisho, unganisha ncha za pembe mbili kwa bomba moja la kupita, kushoto hadi kulia. Kwa maoni yangu bomba hili linasaidia kuliko viraka vyote, kwa sababu pembe moja ikipigwa, nyingine inaisaidia.

Mikono, ekseli na tai rodi hazichomelewi. Kamwe. Zimenyooka au zinatupwa.

Hatua ya 6: Kurudisha na kupima

Beringi za gurudumu: kaza nati huku ukizungusha gurudumu, kisha legeza mpaka washa iliyo nyuma ya nati iweze kusukumwa pembeni kwa ncha ya bisibisi. Magurudumu yatazame ndani mbele kwa milimita 2 hadi 4. Kamba mbili na rula vinatosha.

Maswali ya wanachama

*Kijana wa Likoni:* Shikamoo mwalimu. Yangu inaruka kama mbuzi, mbele ni ngumu sana. Nipunguze pleti?

Marahaba. Bodi ya faiba ni nyepesi kuliko ya bati, kwa hiyo springi za Beetle zinakuwa ngumu kwake, hilo kweli. Lakini badilisha shokamzoba kwanza, weka laini, uone. Ukiamua kupunguza, usitoe pleti nzima ukaacha nafasi. Kata zile ndogo, ubakishe vipande vyake katikati na kwenye miisho, ili skrubu zikute fungu limejaa. Fungu lenye nafasi litacheza ndani ya bomba na kulila.

*Mzee wa gereji, Tanga:* Kwa nini usimshauri mtu afunge miguu ya Toyota? Spea zimejaa.

Mzee wangu, spea nakubali zimejaa. Lakini ile shokamzoba ya Toyota inasukuma juu kwenye bodi ya bati. Wewe unaisukumia faiba, itatoboka. Ili ikubali, lazima ujenge fremu ya mabomba kuizunguka, na hapo umeshaunda gari jingine.

*Mama Swabra:* Nikifika spidi ya 60 usukani unatetemeka mpaka mikono inauma. Nimeshabalansi matairi mara mbili.

Pole dada. Angalia pini au boljointi, halafu ile shokamzoba ndogo iliyolala ya usukani. Vikiwa salama, niambie matairi ya nyuma ni makubwa kuliko ya mbele?

*Mama Swabra:* Makubwa sana, mume wangu ndiye aliyapenda.

Basi huenda ndiyo sababu. Nyuma ikipanda, bimu inainamia mbele, na magurudumu yanapoteza ule mwelekeo wa kujirudisha katikati. Legeza bolti mbili za chini za bimu, pachika washa za kabari kati ya bomba la chini na fremu, ukaze tena. Zinauzwa, hata fundi wa lezi anaweza kukukatia. Au mwambie mume wako arudishe matairi madogo.

*Kijana wa Likoni:* Na kuchomelea kwa gesi je? Ya umeme hapa mtaani hakuna.

Gesi inasambaza joto mbali, bomba litapinda. Fungua bimu, ipakie kwenye mkokoteni uvuke nayo feri. Ikiwa tupu, watu wawili wanaibeba bila shida.

*Abuu Kilifi:* Nimetoboa tundu la milimita 3 kama ulivyosema, lakini chaki inaonyesha ufa umepita tundu.

Basi ulitoboa mahali jicho lilipoishia, ufa haukuishia hapo. Fuata mstari wa chaki mpaka upotee, toboa mbele yake kidogo, paka mafuta ya taa na chaki tena. Hilo tundu la kwanza utalijaza pamoja na ufa. Tuma picha kabla hujachomelea.