Ufa kwenye lami: ni malori, ni maji, au ni mpasuko wa ardhi?

Lami hupasuka kwa sababu nyingi, na mpasuko wa miamba unaosogea ni wa mwisho kushukiwa. Anza na washukiwa wa kawaida. Nyufa ndogo zilizofungamana kama magamba ya mamba, pale matairi ya malori yanapopita, ni lami iliyochoka. Ufa uliopinda kama mwezi mchanga kwenye bega la barabara ni tuta linaloporomoka polepole. Ufa ulionyooka juu ya kalvati au bomba ni kifusi ambacho hakikushindiliwa vizuri. Na barabara inayovimba masika na kunywea kiangazi imekaa juu ya udongo mweusi.

Ufa usioingia katika makundi hayo, ufuate nje ya barabara. Wengi hukosea hapa: hupiga picha lami na kuondoka. Mpasuko haujali barabara ilipo, kwa hiyo utakata pia mtaro, ukuta wa ua na shamba kwa mwelekeo uleule. Tembea mita 100 kila upande ukiwa na dira. Ufa ukiishia ukingoni mwa lami, kosa ni la barabara.

Ukiendelea, tazama umesogea vipi. Katika Bonde la Ufa ardhi inavutwa pande mbili, kwa hiyo tarajia ufa unaofunguka huku upande mmoja ukishuka. Lakini huko mwendo ni wa milimita chache tu kwa mwaka. Korongo lililokata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok Machi 2018 lilitangazwa kuwa Afrika inapasuka. Wanajiolojia wengi waliona zaidi mvua kubwa iliyosomba majivu laini ya volkano. Shimo la mita kadhaa linalotokea ghafla baada ya mvua, tafuta kwanza maji yalikopita.

Mpasuko wa kuteleza kando una sura nyingine. Simama upande mmoja, tazama mstari mweupe au ukingo wa zege unaovuka ufa. Kipande cha ng'ambo kikiwa kimehamia kulia kwako, huo ni mwendo wa kulia, kama wa mpasuko wa Hayward, California. Lami juu yake huonyesha nyufa fupi za mshazari zilizojipanga safu, kila moja ikianzia kushoto kwa iliyotangulia. Kwa mwendo wa kushoto, mpangilio hugeuka.

Macho hayatoshi, weka alama. Ukishapata ruhusa ya wenye barabara, toboa mashimo manne, mawili kila upande wa ufa, yafanye mraba wa sentimita 60. Gandisha kwa gundi ya epoksi boliti za milimita 10 zenye urefu wa sentimita 10, kila kichwa kikiwa na nukta ya kupimia. Msumari uliopigwa tu kwenye lami hulala jua likiwaka, nawe utapima msumari badala ya ardhi. Zege la ukingo ni bora zaidi.

Pima pande zote nne na mishazari miwili (kona hadi kona), alfajiri, kwa futi kamba ileile ya chuma. Pande mbili zisizovuka ufa zisibadilike. Zikibadilika, boliti imelegea. Pande zinazovuka zikirefuka pamoja na mishazari yote miwili, ufa unafunguka. Mshazari mmoja ukirefuka na wa pili ukifupika, ardhi inateleza: mtelezo wa milimita 10 hubadilisha kila mshazari kwa takriban milimita 7. Kushuka kwa upande mmoja kupime kwa ubao ulionyooka na pima maji.

Rudia kila mwezi kwa mwaka mzima usiopungua. Hayward husogea takriban milimita 5 kwa mwaka, na futi kamba inaweza kukosea milimita moja, hivyo miezi mitatu haithibitishi kitu. Udongo mweusi utarudi ulikotoka msimu ukibadilika. Mpasuko unaoteleza polepole haurudi.

Nyufa zikifunguka ndani ya saa chache huku ardhi ikitetemeka karibu na volkano, kama mjini Goma Mei 2021, acha futi kamba na uondoke.

Mwisho, piga picha kabla ya ukarabati, ukiweka rula ndani ya picha. Ukingo uliokatika kwenye makutano ya mitaa ya Rose na Prospect mjini Hayward ulipigwa picha kwa miaka mingi, hadi ulipojengwa upya 2016. Lami mpya huficha ufa kwa miaka kadhaa, kwa hiyo jozi moja ya boliti iwe nje ya eneo la kuwekwa lami.