Jinsi ya kupiga hesabu uone uvimbe wa ubongo unavyoitikia mionzi

Anza na vitu viwili tu, seli zinaongezeka kwa kasi gani na zinasambaa kwa kasi gani. Glioblastoma, aina kali ya saratani ya ubongo, ndo inatesa zaidi maana picha ya MRI inaonyesha sehemu tu, seli zingine zishapenya mbali kwenye ubongo na hazionekani kabisa, kwa hiyo modeli yako lazima izihesabu na hizo. Ukiwa na picha mbili za kabla ya matibabu, zilizopigwa siku tofauti, unaweza kukadiria hizo kasi.

Sasa mionzi. Wengi wanatumia modeli ya alfa na beta, namba mbili zinazoonyesha seli zinavyoathirika na mionzi: alfa mara dozi, jumlisha beta mara dozi mara dozi tena, weka alama ya kutoa, jibu linakuwa kipeo cha e (ile namba ya 2.718). Tuseme alfa ni 0.1, beta 0.01, dozi Gy 2 (Gy ni gray, kipimo cha dozi ya mionzi), unapata 0.2 + 0.04 = 0.24, na e kwa kipeo cha -0.24 ni kama 0.79, yaani seli 79 kati ya 100 bado ziko hai. Inakatisha tamaa eeh? Ila matibabu ya kawaida ni Gy 60 kwa awamu 30, zidisha 0.79 kwa yenyewe, ziwe 0.79 thelathini, uone, inabaki chini ya seli 1 kwa kila 1,000.

Usisahau wikendi, mionzi haipigwi lakini seli zinaendelea kugawanyika.

Mwisho linganisha na MRI ya baadae. Miezi ya mwanzo uvimbe unaweza kuonekana umekua kumbe ni athari ya mionzi yenyewe, so usikimbilie kubadili alfa, subiri picha inayofuata.